Umehamia HTTPS apu ikagoma? Angalia proksi imeiambia nini

Hii hali naikuta kila mara. Apu ilikuwa inatembea vizuri kabisa kwenye http, mtu kaweka nginx mbele kama proksi (programu inayopokea maombi ya watu na kuyapeleka kwa apu), kaweka cheti, kafungua brauza kaona kufuli, kafurahi, afu dakika mbili mbele kulogin hakushiki, au ukurasa unazunguka mpaka brauza inakata tamaa, au 502 imekaa katikati ya skrini. Kinachofuata mara nyingi ni kubahatisha, unabandika mistari ya konfigi uliyoiokota huku na kule mpaka kitu kikubali, na kikikubali hujui kimekubali kwa nini. Naomba tusibahatishe, maana haya makosa yana mpangilio, kila dalili ina sababu chache tu na unaweza kuzipima moja moja.

Cha kuweka kichwani kwanza ni hiki. Cheti kikiwa kwenye proksi, HTTPS inaishia hapo hapo kwenye proksi. Toka kwa mtumiaji mpaka proksi ni HTTPS, toka proksi mpaka apu mara nyingi ni HTTP ya kawaida, labda poti 3000 au 8000 au 8080. Kwa hiyo apu yako haijui kabisa kuwa nje kuna HTTPS, yenyewe inaona ombi limekuja kwa http kutoka 127.0.0.1 basi. Ni kama mtu aliyekaa chumba cha ndani, anategemea mlinzi wa getini amwambie nani kaja na kaja kwa njia gani. Mlinzi asiposema kuna shida, akisema kitu sicho kuna shida, na akisema ukweli ila wa ndani hamwamini, bado kuna shida. Karibu dalili zote hapa chini zinaangukia kwenye moja kati ya hizo tatu.

Kabla hujagusa konfigi yoyote

Acha brauza kwanza. Brauza inakariri ridairekti za 301 (jibu la kudumu la "nenda anwani nyingine"), inakariri HSTS (heda, yaani mstari wa maelezo wa jibu, inayoiamuru brauza itumie HTTPS tu), ina kuki za zamani, unaweza ukawa umesharekebisha tatizo na bado inakuonyesha lile la jana. Tumia curl, programu ya kutuma maombi kutoka kwenye terminali, haina kumbukumbu.

    curl -I http://mfano.test/
    curl -I https://mfano.test/

Afu hii ya tatu ndo naipenda kuliko zote, ingia kwenye seva yenyewe uongee na apu moja kwa moja ukijifanya wewe ndo proksi (X-Forwarded-Proto ndo heda ambayo proksi inaiambia apu mtumiaji kaja kwa http au https):

    curl -v http://127.0.0.1:8000/ \
      -H 'Host: mfano.test' \
      -H 'X-Forwarded-Proto: https'

Ikijibu vizuri hapa na kupitia proksi haijibu vizuri, basi mara nyingi apu haina kosa, kosa ni la proksi. Ikijibu vibaya hata hapa, iache nginx, tatizo liko ndani ya apu. Hiki kipimo kimoja kinakuokolea masaa, na watu wengi hawakifanyi.

Kwenye nginx ongeza pia $upstream_addr na $upstream_status kwenye log_format yako (upstream kwa nginx ni ile apu ya nyuma). Ukiona jibu ni 301 na $upstream_status nayo ni 301, ridairekti imetoka kwa apu. Ukiona 301 na $upstream_status ni kistari tu, basi nginx yenyewe ndo imeitoa wala ombi halikufika kwa apu. Na ukitaka kuona konfigi yote inayosomwa kweli, siyo ile unayodhani inasomwa, andika nginx -T. Nimeshaona mtu anahangaika na faili ambalo halijawahi kuunganishwa hata siku moja.

Dalili: ukurasa unazunguka, brauza inasema ERR_TOO_MANY_REDIRECTS

Hii ndo maarufu kuliko zote, nitakaa nayo kidogo. Ukiangalia kwa curl unapata kitu kama hiki:

    $ curl -sIL --max-redirs 3 https://mfano.test/ | grep -i -e ^HTTP -e ^location
    HTTP/2 301
    location: https://mfano.test/
    HTTP/2 301
    location: https://mfano.test/

Iangalie vizuri. Umeomba https://mfano.test/ na umejibiwa nenda https://mfano.test/, yaani unatumwa pale pale uliposimama. Kinachotokea ni kwamba apu ina sheria ya kulazimisha HTTPS, ombi linaingia kwa proksi kwa HTTPS, proksi inalipeleka ndani kwa http bila kusema lilikuja vipi, apu inaona http inasema hapana nenda https, brauza inaenda https, proksi inaleta tena kwa http, na mzunguko hauishi. Hakuna aliyeharibika hapo, kila mmoja anafanya kazi yake, ila hawajaambiana.

Dawa ya upande wa proksi kwenye nginx:

    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;

Kwa Apache andika ProxyPreserveHost On na RequestHeader set X-Forwarded-Proto "https", manake mod_proxy inaongeza X-Forwarded-For yenyewe lakini hiyo ya Proto haiongezi. Caddy na Traefik zinaituma bila kuambiwa.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni apu ikubali kumwamini mlinzi, na kila fremuweki ina namna yake. Django inataka SECURE_PROXY_SSL_HEADER kwenye settings. Express inataka app.set('trust proxy', 1), ile 1 ikimaanisha proksi moja tu mbele yangu. Laravel ni TrustProxies. Spring Boot ni server.forward-headers-strategy. WordPress haina mpangilio wa hivyo, inabidi uweke kwenye wp-config.php, juu ya ule mstari unaoita wp-settings.php, msimbo unaosoma heda hiyo na kuweka $_SERVER['HTTPS'] kuwa 'on'. Ukitumia uvicorn au gunicorn, seva za apu za Python, kumbuka kwamba zenyewe zinaamini heda hizi kutoka mashine ile ile (kama 127.0.0.1) peke yake kama hujaziambia vingine, kwa hiyo siku unahamishia proksi kwenye kontena lake (la Docker, kwa mfano) na anwani yake inabadilika, heda zinakuja vizuri kabisa na zinapuuzwa kimya kimya. Kuna forwarded-allow-ips kwa ajili hiyo.

Sasa kuna mtego wa nginx ambao ulinila usiku mzima na nataka usikule na wewe. Niliweka zile heda tatu juu kwenye server, kila kitu kikaenda sawa. Siku chache baadaye nikaongeza location (kipande cha konfigi cha njia fulani) ya websoketi, yaani mawasiliano yanayobaki wazi kati ya brauza na apu, ndani yake nikaandika proxy_set_header mbili za Upgrade na Connection. Kuanzia hapo kurasa zote nzima, ila kila kinachopita kwenye ile location kinazunguka kwenye ridairekti. Nilisoma msimbo wa apu mstari kwa mstari, nikarestati kila kitu, nikashuku cheti, nikashuku DNS. Kumbe nginx inarithi proxy_set_header kutoka juu pale tu ambapo ngazi ya chini haina proxy_set_header hata moja. Ukiandika moja tu kule chini, za juu zote zinapotea, siyo zinajumlishwa, zinapotea. Na Host inarudi kuwa ile iliyoandikwa kwenye proxy_pass. Toka siku hiyo heda zangu naziweka kwenye faili moja dogo na kila location naliita kwa include, sitegemei kurithi tena.

Mzunguko mwingine unatokana na kuwa na proksi mbili. Labda mbele kuna CDN (mtandao wa seva unaokaa mbele ya tovuti yako) au lodi balansa (inayogawa maombi kwa seva kadhaa) inayomaliza HTTPS, afu nyuma yake kuna nginx yako inayopokea kwa poti 80. Hapo $scheme ya nginx yako ni http, kwa hiyo ule mstari wa X-Forwarded-Proto $scheme unafuta ukweli ulioletwa na wa mbele na kuandika http juu yake. Ukiwa na hali hiyo tumia map:

    map $http_x_forwarded_proto $njia_halisi {
        default $http_x_forwarded_proto;
        ''      $scheme;
    }
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $njia_halisi;

Fanya hivi ikiwa tu nginx yako haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Kama mtu yeyote anaweza kuifikia, anaweza kujiandikia hiyo heda mwenyewe na apu ikamwamini, na akijiandikia X-Forwarded-For anaweza kujifanya anatoka anwani yoyote anayotaka. Proksi ya mbele kabisa ndo inapaswa kufuta kilicholetwa na mtumiaji na kuandika chake, za nyuma zinapokea tu.

Na kama uko nyuma ya Cloudflare, ambayo ni CDN ya namna hiyo, angalia hali ya SSL uliyochagua. Ikiwa Flexible, Cloudflare inaongea na seva yako kwa http hata kama mtumiaji kaja kwa https, na seva yako ikiwa na sheria ya kupeleka watu https basi umeshajitengenezea mzunguko. Weka cheti kwenye seva yako afu uchague Full strict. Usiondoe ile sheria ya https ili mzunguko uishe, maana hapo unakuwa umeacha kipande cha safari kinapita kwenye intaneti wazi wazi na mtumiaji anaona kufuli anaamini yuko salama.

Dalili: 502 Bad Gateway

502 maana yake proksi ilijaribu kuongea na apu na mazungumzo yakashindikana. Usikisie, fungua error.log, sababu imeandikwa pale kwa maneno na kila neno lina maana yake.

Ukikuta 111: Connection refused, hakuna anayesikiliza kwenye hiyo anwani na poti. Andika ss -ltnp uone apu iko wapi kweli. Labda imekufa, labda iko poti nyingine. Angalia pia kama logi inataja [::1]:8000 badala ya 127.0.0.1, hiyo inatokea ukiandika localhost kwenye proxy_pass, jina linatafsiriwa kuwa anwani mbili na apu inasikiliza kwenye moja tu, unaweza kupata kitu kinachokubali mara na kukataa mara. Andika 127.0.0.1 uachane nayo. Na kama nginx iko kwenye kontena, 127.0.0.1 ni kontena lenyewe la nginx, siyo mashine yako na siyo kontena la apu, hapo unatakiwa kutumia jina la huduma kama lilivyo kwenye faili la docker compose, na apu yenyewe isikilize 0.0.0.0, siyo 127.0.0.1 ya ndani kwake.

Ukikuta 13: Permission denied na uko kwenye Fedora, Rocky, RHEL au ndugu zake, ni SELinux, mfumo wa ulinzi wa Linux hizo, inamkatalia nginx kufungua mawasiliano ya mtandao. setsebool -P httpd_can_network_connect 1 inamaliza. Tafadhali usiizime SELinux yote kwa ajili ya jambo la mstari mmoja. Kama unatumia soketi ya unix basi ujumbe huo huo unaweza kuwa ruhusa za faili tu, au za folda lililobeba hilo faili.

Ukikuta SSL_do_handshake failed na mwishoni wrong version number, hii inahusu kuhama kwenyewe. Mtu kahamia HTTPS akabadilisha kila penye http kuwa https, mpaka kwenye proxy_pass. Sasa nginx inaenda kwa apu inatoa salamu za TLS (usimbaji ulio ndani ya HTTPS) na apu inajibu kwa http ya kawaida, hawaelewani. Rudisha proxy_pass iwe http://127.0.0.1:8000. Kuhamia HTTPS hakukulazimishi kubadilisha kipande cha ndani kama vyote viwili viko mashine moja. Vikiwa mashine tofauti ambazo mtandao wake huumiliki, hapo ndo unataka TLS mpaka ndani, na kumbuka kuwa nginx kwa kawaida haitaji jina la seva inapopiga salamu za TLS kwenda ndani, lazima uandike proxy_ssl_server_name on, vinginevyo seva ya ndani yenye majina mengi inakupa cheti sicho au inakata.

Ukikuta upstream prematurely closed connection, apu ilipokea ikakata kabla ya kujibu, hapo soma logi za apu, mara nyingi mchakato umekufa kwa kukosa kumbukumbu au kwa kosa la ndani. Ukikuta upstream sent too big header, kuki au tokeni zimekuwa kubwa kuliko nafasi, kawaida inaonekana baada ya kulogin tu, ongeza proxy_buffer_size iwe 16k na proxy_buffers nazo zipande.

504 ni ndugu yake lakini tofauti, apu imefikiwa ila haijajibu ndani ya muda, na muda wa kawaida wa nginx ni sekunde 60. Kuongeza proxy_read_timeout kunasaidia kwa ripoti ndefu, hakuponyi swali la hifadhidata linalochukua dakika 3. Na 413 ukipandisha faili ni kikomo cha MB 1 cha client_max_body_size, watu wanakifikiria ni tatizo la HTTPS kwa vile kimeanza siku ile ile, kumbe ni kwa sababu ndo siku proksi ilipoingia.

Dalili: ukurasa unafunguka ila umevurugika, hauna rangi wala mpangilio

Bonyeza F12 uangalie konsoli. Ukiona mixed content, ukurasa umekuja kwa https lakini ndani yake unaita skripti au CSS kwa http, na brauza inazuia. Picha mara nyingi zinapona kwa sababu brauza za sasa zinazijaribu kwa https zenyewe, skripti haziponi. Hesabu kwa haraka:

    curl -s https://mfano.test/ | grep -n 'http://'

Sababu ni mbili, na zina dawa tofauti kwa hiyo zitenganishe. Kama anwani inatengenezwa na apu wakati wa kujibu, ni ile ile ya X-Forwarded-Proto, apu inadhani iko http kwa hiyo inaandika http. Rekebisha heda na zote zinageuka kwa pamoja. Kama anwani imeandikwa kwa mkono kwenye faili au imehifadhiwa kwenye hifadhidata, heda haitasaidia kitu, lazima ukaibadilishe ilipo. Kwa WordPress tumia wp search-replace ya WP-CLI, usifanye kwa UPDATE ya SQL moja kwa moja, kwa sababu data nyingi humo zimehifadhiwa pamoja na urefu wa maneno, ukiongeza herufi moja ya s urefu unakuwa uongo na mipangilio inaharibika. Heda ya Content-Security-Policy: upgrade-insecure-requests inaficha maumivu wakati unasafisha, iweke kama bandeji huku ukiendelea kushona.

Dalili: kulogin hakushiki, au fomu zote zinatoa 403

Hii inaumiza kwa sababu ukurasa unafunguka vizuri, hakuna kosa la kuonekana, unaandika nywila sahihi unarudishwa kwenye ukurasa wa kulogin. Angalia kama jibu la kulogin lina Set-Cookie. Kama haina na uko Express, tatizo ni kwamba umeweka secure: true kwenye kuki ya sesheni na apu inadhani iko http, express-session inakataa kutuma hiyo kuki kabisa wala hailalamiki. trust proxy inaponya. Kama Set-Cookie ipo ila hairudi kwenye ombi linalofuata, angalia Domain na Path yake, huenda bado imeandikwa jina la ndani.

403 za CSRF (ulinzi wa kuzuia tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina la mtumiaji) ziko hivi. Brauza inatuma Origin: https://mfano.test, apu inajilinganisha na inavyojijua yenyewe, inajijua kama http://mfano.test, inaona mgeni, inakataa. Rails, ambayo yenyewe inajibu 422 badala ya 403, inaandika wazi kwenye logi kwamba Origin haikulingana na request.base_url, na hapo jibu liko mbele ya macho yako. Django kuanzia 4.0 inaangalia Origin, na kila jina kwenye CSRF_TRUSTED_ORIGINS lazima lianze na http:// au https://, kwako ni https://, jina tupu halikubaliwi tena. Lakini kabla hujaongeza jina kwenye hiyo orodha hakikisha kwanza heda ya Proto na Host zinafika, maana zikifika sawa mara nyingi huhitaji orodha yoyote.

Kwenye kulogin kwa kupitia huduma nyingine ni hivyo hivyo, unaambiwa redirect_uri haifanani. Apu imetuma anwani ya kurudi inayoanza na http, kule umesajili https. Usiende kusajili ile ya http ili ipite.

Dalili: unaombwa uende 127.0.0.1:8000, au poti inatokeza kwenye anwani

Host haijapitishwa. Apu imeambiwa kwamba jina lake ni lile la ndani, kwa hiyo ikitaka kumtuma mtu /login inaandika anwani ya ndani. proxy_set_header Host $host, basi.

Dalili: 400, The plain HTTP request was sent to HTTPS port, au kinyume chake

Ya kwanza ni mtu kaja kwa http kwenye poti ya https. Kinyume chake ni brauza kusema ERR_SSL_PROTOCOL_ERROR, na hapo angalia kama kwenye listen 443 umesahau neno ssl. Konfigi za zamani zilikuwa na mstari ssl on peke yake, ulitangazwa wa kuachwa kwenye nginx 1.15.0 na ukaondolewa kabisa 1.25.1, kwa hiyo ukihamisha konfigi ya miaka mingi kwenda seva mpya, nginx -t itaukataa.

Dalili: websoketi haiunganishi au inakatika kila dakika

Ukurasa wa https hauruhusiwi kuita ws://, lazima wss://. Baada ya hapo proksi inahitaji vitu vitatu, proxy_http_version 1.1, heda ya Upgrade $http_upgrade na Connection "upgrade". Na usisahau ule mtego wa kurithi nilioueleza juu, location ya websoketi ndo mahali pake hasa. Ikiunganisha vizuri ikakatika baada ya sekunde 60 za ukimya ni proxy_read_timeout, ama uiongeze ama apu iwe inatuma ping kila sekunde 30.

Dalili: kompyuta inafungua vizuri, simu au curl inakataa cheti

Umeweka cheti chako peke yake bila mnyororo, yaani vyeti vya kati vinavyokiunganisha na mtoaji anayeaminika. Brauza za kompyuta mara nyingi zinajaza zenyewe kile cha kati kilichokosekana, curl na simu nyingi na maktaba za programu hazijazi. Kwa certbot (programu inayokuchukulia vyeti vya Let's Encrypt) elekeza ssl_certificate kwenye fullchain.pem, siyo cert.pem. Pima hivi:

    openssl s_client -connect mfano.test:443 -servername mfano.test

Ukiona unable to verify the first certificate, ndo huyo.

Na vyeti vya Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, vimezoeleka kuishi siku 90, kwa hiyo kila kitu kinaweza kuwa sawa leo na kikafa miezi mitatu mbele. Sababu nilizokutana nazo ni mbili. Moja, cheti kipya kimeshachukuliwa kipo kwenye diski ila nginx bado imeshika cha zamani kwenye kumbukumbu kwa sababu hakuna aliyeiambia ipakie upya, weka --deploy-hook yenye systemctl reload nginx. Mbili, uhakiki unakuja kwa poti 80 kwenye /.well-known/acme-challenge/ na location / yako inaupeleka kwa apu ambayo haijui chochote, inajibu 404. Weka location ^~ ya hiyo njia juu yake, na jaribu certbot renew --dry-run siku hiyo hiyo unayohamia, usisubiri siku ya 89.

Ridairekti na HSTS, ziache mpaka mwisho

Wakati bado unajaribu tumia 302, ukishaona kila kitu kimetulia weka 301. 301 inakaririwa na brauza za watu na huna namna ya kuingia kwenye mashine zao ukaifuta. Kama una API inayopokea POST kwa http, 301 inafanya wateja wengi wageuze POST kuwa GET na mwili wa ombi unapotea, kule apu inaona ombi tupu, unatafuta kosa lisilokuwepo kwenye msimbo. Tumia 308, inabakiza POST kuwa POST, na muhimu zaidi waambie wanaotumia API wabadilishe anwani, kwa sababu ombi lao la kwanza lenye tokeni linakuwa limeshapita wazi kabla hata ya ridairekti.

HSTS nayo ni hivyo hivyo ila nzito zaidi. Anza na max-age=300, dakika tano, kaa nayo siku kadhaa, panda siku moja, panda wiki, ndo ufike 31536000 ambayo ni mwaka. includeSubDomains usiiweke kabla hujaorodhesha kila kidomeni ulichonacho pamoja na kile cha zamani cha ripoti ambacho bado kiko http na kuna watu watatu wanakitumia kila Jumatatu. Na ukitaka kuiondoa unatuma max-age=0, lakini brauza inaisikiliza heda hiyo ikija kwa HTTPS yenye cheti kizima tu, kwa hiyo ukishazima HTTPS huna njia ya kumfikia aliyekwisha kuikariri mpaka siku zake ziishe.